Risasi ya risasi: nimeipeleka kwa sonara, ikapimwa

Sonara wa Kariakoo aliiweka risasi yangu ya gobore, iliyokwisha kupigwa, kwenye mzani wake wa dhahabu, akaitazama, akanitazama na mimi. "Mzee, hii si chubwi ya mshipi?" Gramu 25.1. Ilipotoka kwenye pakiti ilikuwa greni 410, kama gramu 26.6 hivi. Imevunja mbavu za mnyama mzito kuliko tandala na imepungua gramu moja na nusu tu.

Wenzangu wa kijiweni Tabata wameniganda niwaeleze, haya. Shemeji yangu anaishi Colorado, Marekani. Septemba alipata leseni ya kuwinda elki kwa gobore. Elki ni jamii ya kulungu. Dume lake linampita tandala, pofu hamfikii. Leseni ilikuwa yake. Kazi yangu kubeba maji, na wote wawili tumevaa vizibao vya rangi ya chungwa kama bodaboda; kwa mwindaji ni sheria ya kule.

Gobore lao si lile la babu yangu Liwale, la kushindilia vipande vya nondo. Mtutu una michirizi ndani, lakini baruti na risasi bado vinaingilia mdomoni. Kwa msimu wa gobore, Colorado imekataza darubini, baruti ya vidonge na risasi ya kuvalishwa kikombe cha plastiki. Kwa elki, tundu la mtutu lisipungue nusu inchi.

Tulijaribu aina mbili. Ya kwanza greni 245, imepakwa shaba, ina tundu puani, inakimbia kwelikweli. Kwenye karatasi haina neno. Tukapanga madumu sita ya maji mstari mmoja: kufika la pili ikasambaratika, tukaokota vipande vya shaba kama maganda ya karanga. Ya pili ni madini ya risasi matupu, yaani risasi ya risasi. Ilitoboa manne, ikakutwa ndani ya la tano imechanua kama uyoga.

Kwenye baruti ndipo nilipofundishwa adabu. Ya gobore hupimwa kwa ujazo, kwa kikombe chake, na baruti ya bunduki za kisasa haiguswi kabisa, itapasua mtutu. Mimi nilitaka kipimo cha greni 100 kwenye kikombe hicho. Babu angetaka zaidi. Kwa 100, matundu yalitawanyika sahani nzima. Kwa 80, umbali wa yadi 50, yote yakaenea kwenye kisosa. Tukabaki na 80.

Kasoro risasi hii inayo. Ukitembea mdomo wa bunduki umeinama, risasi huteleza mbele ikaachana na baruti, na ukifyatua hivyo mtutu unaweza kukupasukia. Shemeji amechora alama kwenye mdeki, ile fimbo ya kushindilia, kila tukipumzika anautumbukiza kuhakikisha. Halafu ni nzito, inashuka haraka. Zaidi ya yadi 100 usijidanganye.

Dume lilikuja alfajiri likipiga mluzi, kelele nyembamba isiyofanana na mwili ule. Mita 60 hivi. Moshi ukatufunika, hatukuona kitu. Lilienda hatua 40 likalala, na risasi tukaikuta imetulia chini ya ngozi ya ubavu wa pili.

Nyota nne. Ya tano imeondoka na mafuta yanayopakwa kwenye hizo risasi. Niliweka mbili mfukoni, yakayeyuka, na dobi wangu mpaka leo ananiuliza nilikalia nini.