Kulifikia dungu la mgongoni: kupitia kijitoni au juu kwa juu?

Katika milima ya Appalachia nchini Marekani, wawindaji wa kulungu wa mkia mweupe hubishana kila msimu kuhusu njia ya kulifikia dungu, yaani jukwaa la kuvizia, lililo kwenye mgongo wa mlima. Anayepanda kwa kufuata kijito kabla ya mapambazuko husaidiwa na hewa baridi, ambayo huteremka na harufu yake mbali na madume walio juu, huku maji yakifunika vishindo vyake. Ila mwinuko humtoa jasho, na kukiwa na shamba la mahindi bondeni atawakurupusha kulungu wanaokula humo. Njia ya juu, ya kufuata mgongo wenyewe, haichoshi, lakini majani makavu ya mwaloni hulia chini ya buti, na mtu huonekana wazi, anga ikiwa nyuma yake. Hata hivyo alasiri, hewa yenye joto ipandapo, mimi huiona njia hiyo afadhali, mradi upepo usivume kuelekea walikolala kulungu.