Seti ya kusugulia kipozajoto: kitako kinang'aa, lakini hakikunyooka

Majuma kadhaa yaliyopita niliagiza seti ya kusugua na kung'arisha kitako cha shaba cha kipozajoto, yaani kifaa kinachokaa juu ya prosesa ya kompyuta na kuondoa joto lake, na tangu muuzaji aliponijibu sijapata utulivu wa kuiandikia tathmini ya haki. Nitajaribu, ingawa siahidi.

Ndani ya seti mna karatasi za msasa kuanzia namba 400 hadi namba 2000, kopo la pesti ya kung'arishia, kitambaa, na kile ambacho maelezo ya bidhaa yanakiita bamba la kioo. Bamba hilo si kioo. Ni plastiki angavu, tena laini kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea, na hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, kwa sababu katika kazi hii bamba ndilo kila kitu: msasa huufuata uso ulio chini yake, na shaba huufuata msasa. Bamba likibonyea, kingo za kitako huzama kwenye msasa na kuliwa kuliko sehemu ya katikati, hata mkono wa anayesugua uwe mtulivu namna gani.

Kabla ya kuanza nilikuwa nimesimamisha ukingo wa rula ya chuma juu ya kitako na kukitazama dhidi ya taa. Mwanga ulipenya kidogo katikati tu, ishara kwamba palikuwa na kibonde. Nikachora mistari ya kalamu ya wino juu ya kitako ili nione msasa unakula wapi, nikalowesha msasa kwa maji yenye tone la sabuni, nikasugua bila kukandamiza, nikikigeuza kitako robo mzunguko kila baada ya muda na kupanda namba kwa namba kama karatasi yao inavyoelekeza. Nilipomaliza niliirudisha rula, na safari hii mwanga ulipenya pembeni. Nilianza na bonde nikaishia na kilima.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu, nikamtumia na picha. Jibu lilikuja hivi: "Kama unaweza kuuona uso wako kwenye shaba, kazi imekwisha. Kama huridhiki na sura unayoiona, hilo halituhusu." Nimelisoma jibu hilo mara nyingi kuliko afya yangu inavyoruhusu. Ufidhuli wake ningeumeza. Ujinga wake siwezi. Mng'ao si unyoofu. Kitu kinaweza kung'aa na bado kikawa kimebinuka, na prosesa haijitazami kwenye kioo. Shaba hupitisha joto kwa kiwango cha wati 400 hivi kwa mita kwa kelvini, hewa haifikishi hata wati 0.03, na pesti ya joto tunayopaka kati ya shaba na prosesa ili kujaza nafasi za hewa, pamoja na sifa zote inazopewa, iko mbali sana chini ya shaba. Faida ya kusugua ni kuifanya tabaka ya pesti iwe nyembamba kote, basi. Kitako kilichobinuka hugusa katikati na kuacha pesti nene pembeni, kiwe kinang'aa au kimefifia. Isitoshe, pesti yao ya kung'arishia iliacha mafuta ambayo hayakutoka hadi nilipoyafuta kwa alkoholi, jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikulitaja.

Sasa haki itendeke. Msasa wenyewe ni mzuri. Haukuchanika ukiwa umelowa, na uliondoa ngozi ya nikeli taratibu hadi shaba nyekundu ikajitokeza bila mikwaruzo ya ovyo. Nilipoutandika juu ya kipande cha kioo kinene nilichokuwa nacho na kuanza upya, wino ulifutika kwa usawa, mwanga haukupita popote, na kompyuta ilipofanyishwa kazi nzito joto la prosesa lilishuka kwa nyuzi 5 hivi kuliko awali. Kwa hiyo mwenye kioo chake ainunue tu, nilitaka kuandika.

Lakini nikaigeuza ile karatasi ya maelekezo, na nyuma yake pameandikwa kwamba seti inafaa kwa vipozajoto vya kila aina. Si kweli, na ni hatari. Viko vile ambavyo mabomba yake ya joto, yaani mirija iliyofungwa inayosafirisha joto, yamelazwa wazi kwenye kitako ili yaiguse prosesa moja kwa moja. Kuta za mabomba hayo ni nyembamba, na ukizisugua hadi zitoboke, hewa huingia, kimiminika kidogo kilichomo hutoka, na bomba halifanyi kazi tena. Viko pia ambavyo watengenezaji wake wamevibinua kidogo kwa makusudi ili mkandamizo uangukie katikati. Hakuna neno hata moja la tahadhari kuhusu hayo, wala kuhusu waranti, ambayo kwa kawaida hufutika mara kitako kinapoguswa na msasa.

Nilikuwa nimetoa nyota tatu. Mbili nimeziondoa nilipokuwa nikinakili jibu la muuzaji hapo juu, na iliyobaki ni ya msasa.