Kukwama chomboni au kukwama thelujini

Nalinganisha riwaya mbili za mapenzi, The Darkness Outside Us na Winter's Orbit. Zote mbili ni za mwaka 2021, na kila moja ina wanaume wawili waliokwama pamoja.

Katika The Darkness Outside Us ya Eliot Schrefer, Ambrose na Kodiak wamo katika chombo cha anga. Wametoka mataifa mahasimu, na kompyuta inazungumza kwa sauti ya mama yake Ambrose. Hakuna pa kukimbilia, kwa hiyo hata kugusana mkono ni jambo zito.

Winter's Orbit ya Everina Maxwell inawatupa Kiem na Jainan thelujini kwa muda mfupi tu, tena wameshafungishwa ndoa ya kisiasa. Kinachowatenganisha ni woga wa kusema.

Mimi nachagua ya kwanza. Upweke wake ulinishika koo.