Sindano ya uzazi wa mpango: ya msuli au ya chini ya ngozi?

Dawa ni ileile, na zote mbili huchomwa kila baada ya miezi 3. Ya msuli ina miligramu 150, ya chini ya ngozi 104, na kwa kuzuia mimba hakuna inayomzidi mwenzake.

Kwa bei ya dawa yenyewe, ya msuli mara nyingi ni nafuu. Ila kinachoigharimu kliniki hasa ni muda wa muuguzi: foleni, kichupa, bomba, tarehe ya kurudi. Ya chini ya ngozi huja imeshajazwa, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza wanawake wapewe nafasi ya kujichoma wenyewe. Kwa mteja anayechelewa kurudi kila mara, hapo imeshinda. Anahitaji kufundishwa vizuri, na chombo kigumu cha kutupia sindano. Wengine huachiwa kibonyeo kwenye ngozi palipochomwa.

Hedhi kuvurugika, mimba kuchelewa ukishaacha: hapo ni mapacha.

Anayetetemeka kujichoma, au ambaye tayari huja kliniki kupimwa presha, mchome msulini. Msafiri, au mwenye sababu za kuficha, mpe ya chini ya ngozi ajichome nyumbani, mradi ana pa kuihifadhi.