"Utazoea tu mama": programu ya kuagiza vipuri tangu walipoondoa orodha na kuweka viboksi

Naanza na nyota, maana najua wengi mnaangalia hapo kwanza. Natoa mbili. Mwaka jana mngeniuliza ningetoa tano bila kufikiri.

Nauza vipuri vya pikipiki hapa Mtwara mjini, upande wa Chikongola. Programu ninayoisema ni ya duka moja la jumla la Dar es Salaam ambalo wenye viduka wengi huku kusini tunaagizia. Jina silitaji, wanaoitumia wameshaijua. Niliisifu kwa kila mtu, hadi kwa wenzangu wa Lindi na Masasi ambao walikuwa bado wanapiga simu Kariakoo na kusomeana majina ya vipuri kwa kelele. Niliwaambia wekeni hii, mtapumzika.

Ilivyokuwa zamani ni hivi. Ukifungua upande wa injini unakuta mistari. Mstari mmoja, bidhaa moja: kapicha kadogo kushoto, katikati jina lote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kulia bei, na pembeni alama ya kujumlisha. Unashuka na kidole gumba tu, jicho linateremka moja kwa moja kama unavyosoma daftari la madeni. Nilikuwa nafunga duka, nakaa mkekani, na oda ya wiki nzima naimaliza kabla chai haijapoa.

Usiku mmoja ikajisasisha yenyewe. Asubuhi nafungua, nakuta viboksi.

Viwili viwili, vinne vimejaza kioo kizima. Kila kiboksi kina picha kubwa ya chuma kinachong'aa, na chini yake nusu ya jina. Nusu! "Seti ya pistoni Boxer BM" halafu vidoti vitatu. Cha pembeni yake, "Seti ya pistoni Boxer BM" na vidoti vitatu. Cha chini, hivyohivyo. Bei ileile, picha ileile. Nilidhani simu yangu imeharibika, nikaizima na kuiwasha.

Asiyeijua kazi hii hawezi kuona ubaya uko wapi, acha nieleze. Injini ikichoka fundi anaifungua, bloku inapelekwa kwa mchongaji, tundu inamopita pistoni linapanuliwa kidogo. Likishapanuliwa, pistoni ya saizi ya mwanzo haifai tena, inatakiwa iliyozidi. Kuna ya 25, ya 50, ya 75 na ya 100, yaani robo milimita, nusu, robo tatu, na milimita nzima. Kwa macho zote ni kitu kimoja. Hata mimi ukinipangia nne mezani siwezi kukutajia ipi ni ipi mpaka nisome namba iliyogongwa juu ya kichwa chake. Sasa picha itanisaidia nini? Kinachotofautisha pistoni na pistoni ni neno la mwisho kwenye jina, na neno la mwisho ndilo walilolikata.

Yaliyonikuta yalinikuta msimu wa korosho. Minada ilikuwa imeshaanza, na huku kwetu minada ikianza bodaboda hana muda wa kula. Watu wana hela mkononi, wanatoka vijijini kuja mjini, wananunua mabati, wanapeleka watoto shule. Kijana mmoja wa Mikindani ana pikipiki ya mkataba, analipa hesabu ya kila siku kwa mwenye pikipiki, imebaki miezi michache iwe yake. Ilimfia injini katikati ya shughuli hiyo. Akaja dukani.

"Shikamoo mama. Bloku imeshachongwa, fundi kasema niulizie ya hamsini."

"Marahaba mwanangu. Hapa imeisha, lakini nakuagizia usiku huu."

Nilimwambia kwa kujiamini kabisa, maana hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya siku zote.

Usiku ule mtandao ulikuwa mzito. Viboksi vinafunguka vyeupe kwanza, picha zinajaa polepole, na bando linakwenda. Nabonyeza kimoja nisome jina lote ndani: ya 75. Narudi nyuma. Ukirudi nyuma inakurusha juu kabisa, mwanzo wa ukurasa, kwenye helmeti na vioo. Nateremka tena. Nabonyeza kingine: ya 25. Narudi, helmeti na vioo. Nateremka. Cha tatu ndicho, ya 50. Bidhaa yenyewe nimeiona kwa macho yangu, nikarudi nyuma niiongeze pamoja na oda nyingine kama nilivyozoea, ikanirusha tena juu, nikashuka, nikajumlisha kiboksi nilichoamini ndicho. Nikafungua kikapu kuhakiki. Kwenye kikapu jina limekatwa vilevile! Ujumbe wa kuthibitisha malipo nao umelileta jina limekatwa. Hakuna mahali hata pamoja, tangu mwanzo hadi hela yangu inatoka, palipoandikwa ninachonunua ni saizi gani.

Kifurushi kikafika stendi ya Mkanaledi jioni, kijana akakifuata mwenyewe, akakipeleka kwa fundi hakijafunguliwa. Mimi nikafunga duka nikaenda kuangalia, kwa furaha tu. Nikamkuta fundi amechuchumaa chini ya mwembe, pistoni mkononi. Akaitumbukiza kwenye bloku, akaitikisa, ikacheza. Hakusema kitu. Akaitoa, akaifuta mafuta kwa kitambaa, akanigeuzia kichwa chake kwenye mwanga. 25.

Yule kijana hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu. Alikaa juu ya tairi akasema, "Mama, hesabu ya leo na ya kesho nitaitoa wapi?" Siku sita pikipiki ililala. Siku sita za msimu, kwa mtu mwenye mkataba.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Hapa ndipo nilipotoka kwenye nyota nne.

Kijana aliyepokea ana sauti nzuri, nakiri, na alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mama, huo ni mwonekano mpya, ni wa kisasa zaidi. Utazoea." Nikamwambia mwanangu, sijasema hauvutii, nasema jina halionekani. Akasema mfumo unaonyesha mimi mwenyewe ndiye niliyechagua ya 25. Nikamweleza habari ya vidoti. Akasema niwe nabonyeza nisome ndani. Nikamwambia nina bidhaa arobaini kwa oda moja, nibonyeze arobaini na nirushwe juu mara arobaini? Akacheka kidogo, si cheko la dharau labda, akasema, "Utazoea tu mama."

Nimelibeba neno hilo mpaka leo. Nizoee nini? Nizoee kutolisoma jina la kitu ninachokilipia? Mtu mzima anakueleza kwamba kitu chako kimemlaza njaa mwenzake wiki nzima, wewe unamjibu kama mtoto aliyebadilishiwa uji.

Sasa niseme na upande wa pili, nisije nikawaonea. Mdogo wangu anauza vitenge pale Soko Kuu na anaagiza humohumo, kwenye upande wa nguo. Yeye amefurahi. Kitenge hukinunui kwa jina, unakinunua kwa ua lake na rangi yake, na kwenye ile orodha ya zamani kapicha kalikuwa kadogo kama stempu, ua halionekani. Siku hizi anaviona vinne kwa mpigo, anawaonyesha wateja wake simu, wanachagua palepale. Nilipomlalamikia alinishangaa kweli. Kwa hiyo viboksi si vibaya. Kwa kitenge, kwa kiatu, kwa kitu ambacho jicho ndilo linalochagua, viboksi ni kazi nzuri na ningetoa nyota tano. Kwenye simu yangu yenyewe picha zangu zimekaa kwa viboksi na majina ya watu yamekaa kwa orodha, na sijawahi kulalamika juu ya lolote kati ya hayo. Shida ni mtu kukaa ofisini akaamua pistoni na kitenge ni mamoja.

Na maandishi yangu nimeyakuza. Macho ya mtu aliyepita miaka hamsini yanahitaji hivyo, na simu yenyewe imeweka sehemu ya kukuza ili tuitumie. Ila kadiri unavyokuza herufi ndivyo kiboksi kinavyobeba herufi chache. Kwenye simu ya mdogo wangu jina linafika "BM150" kabla ya kukatwa. Kwangu linaishia "BM". Nina hakika aliyebuni aliangalia kwenye simu yake pana yenye herufi ndogo, akaona inapendeza, akaenda zake nyumbani.

Nilishataka kuandika nyota tatu, nikaishia hapo. Kisha mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta akaja likizo, akaichukua simu, akachezacheza, akaniita. "Shangazi, njoo uone." Juu kabisa, kona ya kulia, kuna kialama cha mistari mitatu, rangi ya kijivu hafifu juu ya kijivu, nilikuwa nadhani ni urembo. Akabonyeza. Orodha ikarudi! Majina yote, mstari kwa mstari, "Seti ya pistoni Boxer BM150, ovasaizi 50," nikaisoma kwa sauti. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa yote niliyokuwa nimeyasema. Niliagiza oda nzima usiku ule, nikajiambia kesho narudisha nyota zao nne, na yule kijana wa simu nitamwombea radhi moyoni.

Asubuhi nikafungua. Viboksi.

Nikabonyeza kialama, orodha ikaja. Nikatoka kujibu simu ya mteja, nikarudi. Viboksi. Kila ukitoka inasahau. Mpwa wangu akanieleza kwamba kwenye simu hizi za Android orodha na gridi, yaani hivi viboksi, zinachorwa na kitu kilekile, mwenye kuunda anabadilisha mpangilio tu, na kwamba kukumbuka chaguo la mtu ni kuhifadhi jambo moja dogo ndani ya simu, kazi ya dakika chache kwa mtu anayeijua. Hata ile programu ya mafaili iliyokuja na simu inakupa orodha au viboksi, ukichagua inakaa na chaguo lako. Kwa hiyo orodha wanayo. Hawakuitupa. Wameificha kwenye kona, na ukiipata wanakunyang'anya.

Hilo limeniuma kuliko kama isingekuwepo kabisa. Na yule kijana wa simu, je, hakujua kwamba kialama kipo? Angeniambia tu "bonyeza kona ya juu kulia" ningemshukuru, na ningewaeleza wenzangu wote. Badala yake, utazoea.

Nyota mbili nilizoandika juu nimezirudia kuzisoma, naziona nyingi. Iwe moja. Hiyo moja ni ya vifurushi, maana vifurushi vyao vinafika, hata mwaka ule wa 2024 barabara ilipokatika kule Somanga baada ya kimbunga Hidaya walitupigia simu mmoja mmoja kutueleza mzigo umekwama wapi. Watu hao wanajua kumjali mteja, nimewaona wakifanya, ndiyo maana nimekasirika hivi.

Wanangu mnaounda hiyo programu, mkisoma hapa: acheni jina lishuke hata mistari mitatu chini ya picha, lisikatwe. Nikichagua orodha ibaki orodha. Nikirudi nyuma niacheni palepale nilipokuwa. Na kwenye kikapu andikeni jina lote, hapo sitaki mazungumzo.

Kijana wa Mikindani bado ni mteja wangu, ya 50 ilifika na pikipiki inatembea. Siku ile alipokuja kuichukua alikifungua kifurushi mbele yangu juu ya kaunta, akaitoa pistoni kwenye nailoni, akaigeuza, akasoma namba kwa sauti. Ndipo akatoa hela.