Makumbusho ya Zeugma, Gaziantep: mkienda kufuata mzigo Uturuki msiishie Istanbul

Wana Dodoma mnaopanda ndege kwenda Istanbul kufuata nguo na mapazia, nawaomba safari ijayo mjibane mfike na Gaziantep, wenyewe wanaiita Antep tu. Mji wa zamani mno, uko kusini mashariki karibu na mpaka wa Syria, na hapo ndo ipo Makumbusho ya Mozaiki ya Zeugma, mozaiki ni zile picha za sakafuni zinazopangwa kwa vijiwe vidogo vidogo. Nyota tano bila kusita.

Zeugma ulikuwa mji wa kale kando ya mto Frati, huu huu wa kwenye Biblia, sasa likajengwa bwawa la Birecik na mwaka 2000 maji yakapanda yakafunika sehemu ya mji, wachimbaji wakawa wanakimbizana na maji kubandua sakafu za majumba ya watu wa enzi za Warumi. Makumbusho ikafunguliwa 2011, ina zaidi ya mita za mraba 1,700 za mozaiki. Nilichokipenda sana ni kwamba nyingi zimelazwa chini vilevile zilivyokuwa, pembeni nguzo na kuta zenye michoro, unapita juu unaangalia sebule ya mtu kabisa.

Sogea karibu na sura ya Okeano, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale. Shavu lote ni vijiwe vidogo kama punje za mahindi, pinki, kahawia, kijivu, hakuna rangi iliyopakwa, ni rangi ya jiwe lenyewe, na pale palipotakiwa bluu au kijani kali ambayo jiwe halina wametia kioo. Kwa sisi tuliozoea michoro ya miambani ya Kolo kule Kondoa, huu ni ufundi mwingine kabisa, mtu apange kivuli cha pua kwa mawe!

Halafu kuna mozaiki inayoitwa Msichana wa Kijipsi, huyo kawekewa chumba chake chenye giza. Kimebaki kipande tu cha uso, macho, nywele na hereni kubwa, ila popote unaposimama anakuangalia. Vipande vya mozaiki yake viliibwa miaka ya sitini vikaishia chuo kikuu cha Bowling Green kule Marekani, vikarudi 2018, na mimi hiyo habari ilinigusa kuliko vyote, maana Afrika tuna vitu vyetu vingi tu viko kwa watu na hapa umeona kabisa kwamba vinaweza kurudi.

Nendeni asubuhi kabla ya makundi ya watalii. Mkitoka kuleni katmer, chapati nyembamba ya pistashio na malai, na baklava, kile kitamu chao cha tabaka tabaka, mfungashe ya nyumbani.