Shampuu ya zambarau kwa mvi zinazogeuka manjano

Mama yangu hapa Bukavu anazipenda mvi zake, ndiyo maana nilisikitika zilipoanza kupata umanjano kwa sababu ya jua na moshi. Shampuu ya zambarau niliyomnunulia sokoni Kadutu imezirudishia weupe wake, kwa kuwa zambarau huuzima umanjano. Mwenye nywele zilizopakwa rangi ya dhahabu, zikaelekea rangi ya machungwa, atafute ya buluu. Povu la shampuu ya zambarau ni kama wino, hutia madoa taulo nyeupe, na likikaa kichwani muda mrefu huziachia mvi kivuli cha urujuani, kwa hiyo dakika 3 zinatosha. Kwa kuwa hukausha nywele, tunaitumia mara moja kwa juma na kupaka mafuta baadaye. Bei ni kubwa, lakini nitainunua tena.